Sura ya Sita: Boksi Lina Wenyewe Watatu

Mtu wa Al Khuwair akishakata tiketi ya Unguja, safari si yake tena. Mtaa huu wa Muscat unajulikana kwa wizara na balozi, kwa msikiti wa Said bin Taimur uliojengwa kwa mtindo wa Kituruki, na kwa foleni ya jioni kwenye barabara ya Sultan Qaboos. Kwa Waomani wanaozungumza Kiswahili, waliorudi baada ya Januari 1964 na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970, pamoja na watoto na wajukuu wao, ni mtaa wa jamaa vilevile. Habari ya tiketi huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla msafiri hajatoa begi juu ya kabati, simu zimeanza.

Zamani maombi yalikuwa halua, tende, udi, kanzu ya mzee, dawa ya magoti. Bado yapo. Lakini sasa kuna ombi moja linalokuja kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu mwombaji anajua ukubwa wake.

"Mwanangu, nasikia unakwenda nyumbani."

"Inshallah, shangazi, Alkhamisi."

"Basi nina kitu kidogo cha mtoto wa kaka yako. Hakina tabu. Kimo ndani ya boksi lake."

Kitu kidogo chenyewe ni PlayStation, na tabu yote imo katika hilo boksi lake. Mtoto wa Unguja analitaka likiwa limefungwa, na gundi haijaguswa, kwa sababu kulifungua ni nusu ya zawadi. Kwa msafiri boksi ni hewa na karatasi ngumu inayokula nafasi ya begi. Afisa wa forodha naye analisoma kama barua: limefungwa au limefunguliwa, limenunuliwa wapi, ni la nani. Mashine haina ugomvi na mtu. Kazi ya msafiri ni kuwaamulia hawa watatu, na si rahisi kuwaridhisha wote.

Tuanze na mizani, maana ndiyo inayokutana naye kwanza. Oman Air humpa abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mkononi. PS5 ya kwanza, iliyoingia sokoni Novemba 2020, ile yenye sehemu ya kuingizia diski, ina kilo 4.5 ikiwa uchi, bila padi, bila waya, bila boksi. Urefu wake ni sentimita 39, upana 26, unene zaidi ya 10. Zinabaki kilo mbili na nusu, na humo utoe uzito wa begi lenyewe, padi, nyaya, chaja ya simu na kitabu cha dua cha bibi. Toleo jembamba lililofuata mwishoni mwa 2023 limepungua hadi kilo 3.2, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika dukani. Xbox Series X inakaribia PS5 ya kwanza kwa uzito, ila umbo lake ni kama tofali lililosimama, sentimita 15 kwa 15 kwa 30, nalo hukataa kulala vizuri katika begi lolote la mgongoni. Series S haifiki kilo mbili. Nintendo Switch pamoja na vishikio vyake ni kama gramu 400, na mtu aliyeombwa kuibeba hana haki ya kulalamika.

Boksi la dukani haliingii katika hesabu hii. Likiwekwa juu ya mizani ya kaunta limekwishakula kilo za mkononi karibu zote, na hata likikubalika kwa uzito, halikubaliki kwa umbo. Hapo wengi hufanya jambo ambalo mimi nalipinga: hulitia kwenye sanduku kubwa, hulizungushia kanga na mashuka, na kulikabidhi kwa mkanda wa mizigo. Sheria haikatazi. PS5 haina betri kubwa ndani yake. Ina kibetri kidogo cha saa, cha umbo la sarafu, ambacho hakimtishi mtu. Tatizo ni safari ya sanduku. Litashushwa, litarushwa, litalaliwa na masanduku mengine, kisha litashushwa tena. Ndani ya PS3 na PS4 kuna diski ngumu inayozunguka, na pigo kali linaweza kuiua bila ganda la nje kuonyesha hata mkwaruzo. PS5 haina diski hiyo, data zake zimo kwenye chipu, ila sehemu ya kuingizia diski za gemu bado ni chombo chepesi chenye meno ya plastiki. Mwenye kusafirisha mashine ya aina hii atoe kwanza diski iliyomo. Kuna watu wengi waliofika na mashine nzima na gemu lililokwaruzika.

Njia ya busara ni kuitoa mashine ndani ya boksi, kuifunga kwa nguo laini zisizo na zipu wala vifungo, kuilaza katika begi la mkononi, na kulikunja boksi tupu likawa bapa chini ya sanduku kubwa. Padi hukaa pembeni. Akifika nyumbani kwao Mbweni au Chake Chake, msafiri atalisimamisha boksi upya, ataipanga mashine kama ilivyotoka kiwandani na kumpa mtoto. Mtoto hadanganyiki, lakini hufurahi.

Desturi hii ya kubeba vya wengine pamoja na vya kwako ni ya kale kuliko ndege. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyepanda jahazi la Kuwait mwaka 1938 na kuja nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji, aliandika jinsi mabaharia walivyokuwa na masanduku yao ya biashara ndogondogo mbali na shehena ya jahazi. Nahodha alikuwa na mali yake, tajiri mali yake, na baharia aliyelipwa kidogo alikuwa na sanduku. Upepo wa kaskazi ukivuma kuanzia Desemba waliteremka nalo, na kusi ikianza walipanda nalo likiwa na vitu vingine. Leo safari ya wiki kadhaa ni saa tano na ushei angani, na sanduku la baharia limepunguzwa kuwa kilo 7. Mzigo wa kurudi haujabadilika sana: ndege ya kutoka Unguja hufika Muscat imejaa ubuyu, achari na samaki wakavu.

Katika jambo la betri lakini mabaharia hawana la kutufundisha. Padi moja ya PS5 ina betri ya miliampea 1,560, ambayo ni kama wati-saa 5.7. Switch ina wati-saa 16. Mpaka unaotumiwa na mashirika ya ndege duniani ni wati-saa 100 kwa betri moja. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa, na juu ya hapo haipandi ndege ya abiria. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha miliampea kwa volti, gawanya kwa elfu moja. Paua benki ya miliampea 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, nayo imevuka. Na paua benki au betri yoyote ya akiba haitiwi kwenye sanduku la chini. Inakaa na mwenyewe juu.

Waliotunga masharti haya walikuwa na sababu, na moja ya sababu hizo iko jirani na Muscat. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka Dubai kwenda Cologne. Moto ukazuka kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, moshi ukajaa chumba cha marubani, na ndege ikaanguka ikijaribu kurudi. Marubani wote wawili walikufa. Tangu Aprili 1, 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limezuia betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena ndani ya ndege za abiria. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati la mizigo ya mkononi, na mwaka huohuo, kuanzia Oktoba 1, Emirates ikawakataza abiria wake kutumia paua benki angani. Wanaruhusiwa kubeba moja tu, iliyo chini ya wati-saa 100. Mantiki ni kwamba moto wa betri ukitokea karibu na watu, mtu atauona na kuuzima. Ukitokea chini ya miguu yao, hakuna wa kuuona.

Ndiyo maana ile amri ya Machi 2017 iliwashangaza wajuzi wa usalama wa anga. Marekani ilizuia vifaa vyote vikubwa kuliko simu, mashine za gemu zikiwemo, visiingie na abiria kutoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini. Dubai, Abu Dhabi na Doha vilikuwamo, Muscat haikuwamo. Waliohofia mabomu walitaka vifaa viende chini, na waliohofia moto walitaka vibaki juu, wakati abiria amesimama katikati na kompyuta yake mkononi. Kufikia Julai mwaka huohuo amri ilikuwa imeondolewa katika viwanja vyote hivyo.

Kwenye mashine ya eksirei konsoli haina siri. Inaonekana kama rundo zito la chuma na feni, na kwa sababu hiyo viwanja vingi hutaka itolewe ikae peke yake kwenye trei, kama kompyuta ya mapajani. Mionzi haifuti chochote ndani yake. Swali gumu hapo ni la mdomo: begi hili umelifunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Abiria wa Al Khuwair aliyebeba vya shangazi, vya ami na vya jirani anajikuta anatafuta jibu ambalo si uongo. Jibu zuri hutengenezwa nyumbani. Akiletewa boksi lililofungwa, alifungue mbele ya aliyelileta, aiwashe mashine, aizime, aipange kwa mkono wake. Wengine wataona ni dharau kwa mkubwa. Mimi naona ni adabu kwa wote wawili, kwa kuwa shangazi mwenyewe amelinunua dukani Ruwi na hajui kilichomo zaidi ya picha ya juu.

Kuiwasha kabla ya safari kuna faida nyingine ambayo mtoto ataijua baadaye. Mashine mpya na gemu jipya hudai masasisho, na gemu kubwa la siku hizi hula makumi ya gigabaiti. Nyumba ya Al Khuwair yenye faiba huyavuta usiku mmoja. Nyumba ya Unguja inayotegemea vifurushi vya simu itayanunua kwa pesa nyingi na subira nyingi. Kwa hiyo upande wa msafiri una hoja tatu za kulifungua boksi, uzito, usalama na masasisho, na mtoto ana hoja moja ya kulifunga.

Sasa forodha. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa konsoli ina namba yake, 9504.50, na imewekwa nyumba moja na karata na meza za biliadi. Anayedhani kifaa hiki ni kompyuta na kitapita kama kompyuta, orodha haimuungi mkono. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msafiri anayerejea kwa miaka mingi alisamehewa ushuru kwa vitu vya matumizi yake na ya nyumbani kwake hadi thamani ya dola 500, ikiwa alikuwa nje kwa zaidi ya saa 24. Anayekuja kwa ziara fupi anaweza kuingia na kifaa chake cha matumizi ambacho ataondoka nacho. PS5 yenye diski ilitoka Marekani kwa bei ya dola 499, kana kwamba kuna mtu Tokyo aliyesoma jedwali letu. Ongeza padi ya pili, ongeza gemu moja, ulikuwa umeshavuka. Kwa riyali ya Oman, ambayo imefungwa kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, mpaka huo ulikuwa kama riyali 192.

Wakenya waliufahamu mpaka huu kwa kishindo Novemba 2023, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri kwamba chochote kinachozidi dola 500, kama shilingi 75,000 za Kenya wakati huo, hutozwa. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko zilivyostahili kwa sheria iliyokuwepo kwa takriban miaka 20. Kilichowaudhi watu hasa ni kupekuliwa, nguo za ndani zikiwekwa mezani mbele ya foleni, na hapo nilikuwa upande wao.

Kwa boksi letu, jambo ambalo afisa analipima ni nia. Mashine moja iliyotumika, iliyofungwa kwa kikoi cha msafiri, inaonekana kama kitu cha mtu. Moja mpya ndani ya boksi inaonekana kama zawadi. Nne ndani ya maboksi yake ni duka. Wapo wanaoitumia hesabu hii kwa ujanja, wakazitoa nne zote ndani ya maboksi na kuwagawia binamu wanne kwenye foleni, na wakikamatwa huona wameonewa. Aliye na kitu kimoja halali hahitaji ujanja. Abaki na risiti, ambayo siku hizi huonyesha na kodi ya asilimia 5 iliyoanza Oman Aprili 2021, na akiulizwa bei aitaje. Risiti humlinda na jambo ambalo watu hawalisemi: bila risiti, thamani huamuliwa na afisa kwa kutazama simu yake, na bei za mtandaoni hazijui kwamba ulinunua wakati wa punguzo.

Na akimaliza Unguja bado hajamaliza, ikiwa mtoto anakaa Dar es Salaam. Anayeshuka boti bandarini Dar na televisheni au mashine iliyoingilia Unguja anaweza kuulizwa ushuru mara ya pili, yaani tofauti kati ya kilicholipwa kule na kinachodaiwa bara. Wazanzibari wameliimba lalamiko hili miaka nenda miaka rudi, na limekuwa likitajwa katika orodha ya kero za Muungano na wanasiasa wa pande zote. Ushauri wangu kwa anayejua mwisho wa safari ni wa kizamani: kama mzigo ni wa Dar, kata tiketi ya Dar. Ndege inakwenda huko pia.

Umeme, kwa bahati, hautengani. Oman, Tanzania na Kenya zote zinatumia plagi ya Kiingereza yenye meno matatu bapa, na PS5 hupokea volti 100 hadi 240 bila kuuliza. Haikuwa hivyo kwa PS2 zilizoletwa na jamaa wa Marekani, ambazo zilitaka volti 120 na zikachomekwa kwenye 230; harufu yake waliokuwepo hawaisahau. Kinachohitajika sasa ni stabilaiza, hasa Unguja, ambako umeme huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara na uliwahi kuzimika kwa mwezi mzima mwaka 2008 na kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Na kama mashine imetoka kwenye ubaridi wa ndege ikaingia kwenye joto la unyevu la masika, iachwe ikae saa chache kabla ya kuchomekwa, ili umande uliojishika ndani ukauke. Hili ndilo sharti gumu kuliko yote, kwa kuwa mtoto amesimama hapo.

Kinachobaki ni uraia wa mashine. Diski ya gemu ya PS5 huchezeka nchi yoyote, lakini mtandao wa PlayStation una orodha ya nchi zake. Oman imo, Tanzania na Kenya hazimo. Orodha hii ilijulikana dunia nzima Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti za mtandao huo, na gemu likaondolewa dukani katika nchi zaidi ya 170 ambazo haziwezi kuzifungua. Kampuni ilirudi nyuma baada ya siku chache kuhusu sharti lile. Orodha ya nchi ilibaki ilivyo. Akaunti ikishaandikishwa nchi moja haihamishiki, na kadi za kununulia gemu hufuata nchi ya akaunti.

Matokeo yake ni kwamba PlayStation nyingi zilizotoka Muscat zinaendelea kuwa za Oman hata zikiwa chumba cha nyuma Kikwajuni. Zimeandikishwa kwa jina la shangazi na barua pepe ya shangazi, na mtoto akitaka gemu jipya shangazi hununua kadi ya Oman na kumtumia namba zake kwa WhatsApp. Programu ya PlayStation imo kwenye simu yake pia. Saa saba usiku Al Khuwair, ambayo ni saa sita Unguja, anaona jina lake mwenyewe likiwa hewani na mpira umo kipindi cha pili. Hampigii mtoto. Anampigia baba wa mtoto, anamwamsha, na kumuuliza kama kesho hakuna skuli.